Mashine ya Dagaa Ina Mwenyewe

Kibara, 6 Machi 1994

Kaka Florian,

Shikamoo. Huku tumeamka salama, ila mwanangu anaota meno na ananing'ata bila huruma. Wewe je, kile kikohozi? Tangu wakupunguze kazi kiwandani nakuombea kila siku.

Mvua imenyesha siku nne. Wenzangu wamemwaga dagaa waliooza mchangani. Wangu wamekauka ndani ya mashine yangu, lile sanduku la nailoni ulilolichora ulipokuja Krismasi. Mawe meusi ya chini yanashika joto hata jua likizama. Tena nimeshajua saa za kufunga matundu ya hewa na kuyafungua, ukija nitakuonyesha. Kwenye mchoro uliowapelekea wale wenye mitaji, na jina langu umeliandika?

Mdogo wako,
Tereza

Dar es Salaam, 30 Machi 1994

Mdogo wangu Tereza,

Marahaba. Kikohozi kimepungua. Nibusie mpwa wangu.

Wamekubali! Ni kampuni ya ng'ambo inayotoa mitaji kwa wavumbuzi. Watajenga kiwanda Musoma, Mwisenge. Biashara siku hizi ni huria, hakuna wa kutuzuia. Ila hataza, ile hati ya kuonyesha uvumbuzi ni wa nani, wanataka iwe na jina la mhandisi. Wanasema mama wa darasa la saba atawatisha wenye fedha. Nimeandika langu. Saini karatasi hii, kwamba wewe ulinisaidia tu. Mtaalamu wao anakuja huko kupima, mpokee vizuri.

Kaka yako,
Florian

Kibara, 24 Aprili 1994

Kaka,

Shikamoo. Sote tu wazima, mpwa wako ana meno mawili. Karatasi yako nimefungia chumvi. Mawe yale niliyabeba nina mimba ya miezi saba. Nani alimsaidia mwenzake?

Mtaalamu amekuja. Akamuuliza mwenye nyumba! Mume wangu Masatu unamjua, yeye ni mtumbwi tu, mlango wa mashine hajawahi kuugusa. Akaketi, akajibu yote. "Matundu haya?" "Hayafungwi kamwe, bwana. Hiyo ni hewa!" Mimi namimina chai. Mke hamrekebishi mume mbele ya mgeni, na mgeni mwenyewe hakuniangalia hata mara moja. Nikaongeza chai. Kayaandika yote kwa kalamu nzuri.

Mdogo wako,
Tereza

Musoma, 19 Julai 1994

Mdogo wangu,

Natumaini mnaendelea vizuri. Mwili wangu mzima, usingizi ndio sina. Tumejenga mashine kumi. Dagaa wote wameota ukungu, Mwisenge nzima inaziba pua. Wakubwa wanakuja mwisho wa mwezi, na wakikuta hivi wanafunga. Niandikie saa za matundu. Saa tu, nakuomba.

Kaka yako,
Florian

Kibara, 23 Julai 1994

Kaka Florian,

Shikamoo, na pole kwa kukosa usingizi. Sisi hatujambo.

Saa sikuandikii. Nilizitafuta miezi mitano, naamka alfajiri na mtoto kifuani, naharibu dagaa, nalia, narudia. Andika jina langu, nitakuja na basi niwaonyeshe wakubwa wenyewe, bure. Hutaki, basi waje wamuulize tena Masatu. Nakupenda kaka, ulikuwaga unanibeba mgongoni kwenda shule. Lakini hili sikupi.

Mdogo wako,
Tereza

Musoma, 5 Agosti 1994

Mdogo wangu Tereza,

Salamu kwa shemeji na mpwa. Mimi ni mzima, na leo nimelala.

Niliwaambia mashine si yangu, ni ya mdogo wangu, aitwe aonyeshe. Mkubwa wao akafunga faili. Akasema mtaji wake hauwekwi mikononi mwa mama wa ufukweni. Wameondoka, na kibarua changu kimeota nyasi. Nisamehe, nilikuibia. Ndani ya bahasha kuna fomu mpya ya hataza. Jina ni lako peke yako. Pale pa kazi ya mvumbuzi nimeacha wazi, jaza mwenyewe.

Kaka yako,
Florian

Kibara, 9 Agosti 1994

Kaka yangu,

Shikamoo. Wote wazima, na roho yangu imetulia. Nimekusamehe.

Nimejaza kwa wino: mtengeneza mashine. Masatu akasema, "Andika mke wa mvuvi." Nikamwambia hiyo aandike kwenye fomu yake.

Njoo Kibara. Wenzangu watano wanataka masanduku yao, na kuchora mimi siwezi. Tunaanza Jumatatu. Wenye mitaji wakirudi, watatukuta kazini.

Mdogo wako,
Tereza