Injini Iko Chini ya Mpunga

Idsowe, Jumapili

Kwa Mwanaarusi, binti wa marehemu kaka yangu, huko Mombasa. Pokea salamu nyingi kama mbu wa huku.

Sisi wazima. Juzi lori lilikwama topeni, nikalitoa kwa mkono mmoja, ule mwingine umeshika kikombe cha chai.

Ile Landrova ya baba yako nimeshaipaka rangi. Watu wanatoka Ozi na Golbanti kuja kujitazama uso kwenye mlango wake. Mafundi wenye vyeti huanza na injini. Mimi nilianza na rangi, watu waone kazi.

Injini niliishusha shambani, kando ya mto, penye kivuli. Mto ukafurika, kama nilivyotabiri mimi mwenyewe. Maji yalipoondoka yaliacha tope jeusi, zuri ajabu, na mama yako mdogo Swaleha akapanda mpunga papo hapo. Nilipokuja na jembe nichimbe, akasimama mbele yangu.

"Komora, injini hailiwi. Ngoja nivune."

Kuvuna bado miezi mitatu. Harusi yako ni wiki ijayo. Najua ulisema hutaingia kwa mumeo na gari lingine ila la baba yako, na mimi ndiye niliyekuahidi, mbele ya mama yako.

Basi usilie. Nimepata wanaume kumi na wawili. Wataisukuma Landrova kutoka hapa mpaka kwa bwana harusi, Garsen. Wewe utakaa mbele, pale baba yako alipokuwa akikuketisha. Usukani nitashika mimi.

Baba yako mdogo,
Komora, fundi