Chipu Uliyoianika Juani, Baba

Baba yangu,

Leo kuna mashine imenishinda tena hapa karakanani, na hasira zote zimenirudisha kwako. Kufa hakujakuokoa.

Unaikumbuka ile mashine yetu ya kuangua vifaranga kule Lanet, miaka ya sabini ikielekea kuisha? Kasha ulilipiga wewe kwa mbao za Elburgon. Mimi nilikuwa nimetoka chuo juzi tu, nikaiundia kompyuta ndogo ya kuwasha na kuzima joto. Maagizo yake yote yalikaa ndani ya chipu moja yenye kidirisha cha kioo, nikakifunika kwa karatasi nyeusi. Nikakuambia, "Baba, hii karatasi isiguswe." Ukajibu, "Sawa, mami." Sawa gani hiyo!

Majirani wakatuletea mayai. Siku za kwanza mambo yakaenda vizuri, kisha joto likapanda likakataa kuzima, mayai yote yakaiva. Harufu, jameni! Mama Wanjiru akaapa hataleta tena yai lake kwa msichana anayecheza na waya. Nikaona kazi yangu imekufa kabla haijaanza.

Nikapitia maagizo kwenye karatasi nilikoyaandika, mstari kwa mstari, mpaka macho yakauma. Kosa sikuliona. Nawe kila saa unakuja na chai, unauliza, "Bado?" Kidogo tu nikurushie plaisi! Mwishowe nikaisoma chipu yenyewe, nikakuta nusu ya maagizo yamefutika. Ile karatasi nyeusi ilikuwa imebandikwa upya, kwa uji.

"Baba, nani aliibandua hii?"

"Ni mimi. Kabla tuweke mayai, ulipokuwa umesafiri. Chipu ilikuwa na unyevu, nikaianika kwa mabati na betri za redio."

Najua, kila mtu huanika betri zipate nguvu. Lakini chipu, Baba! Jua likipita kwenye kile kioo hufuta maagizo polepole, na yale yaliyobaki hafifu hupotea siku chache baadaye, nawe uliianika wiki nzima, tena uchi, eti ipumue. Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

Ulingoja niishiwe na pumzi. Ndipo ukaniambia kwamba siku mayai yalipoiva, ulienda kwa kila jirani, kofia mkononi, ukasema ni wewe uliyeiharibu mashine. Siku hiyo ulidhani kosa ni langu.

"Kumbe sikuwadanganya," ukasema, ukacheka hadi ukakohoa.

Pumzika, mzee wangu. Bado nimenuna, na ninakukumbuka mpaka mkono unakataa kazi.

Binti yako