Ukuta wa Chumba cha Meno

4 Aprili

Mdogo wangu,

Hamjambo huko, na wifi anaendeleaje? Mimi mzima, mgongo tu unanisumbua. Binti yako Kipusa amefika salama kwa likizo na tayari amenimalizia sukari.

Nimeisoma kanuni mpya ya Baraza lenu la tiba ya meno. Eti tabibu wa meno, aliye ngazi ya chini ya daktari, asizibe wala asing'oe jino la mtoto mpaka daktari awemo chumba kimoja naye. Hongereni. Wilaya nzima daktari wa meno ni mimi peke yangu. Matabibu ninao wawili, wamesomea kazi hiyo hiyo chuoni, na ninyi mnataka wakae wakinitazama huku watoto wamejazana kwenye benchi wameshika mashavu. Mliandika haya mkiwa na akili timamu, au chai ilichelewa?

Basi nimetii. Nimemwita fundi akabomoa ukuta kati ya vyumba vyetu. Sasa chumba ni kimoja, viti vitatu, daktari yumo. Foleni inasogea.

Dada yako

17 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, wifi yako anakusalimu sana.

Kuhusu ukuta, wajumbe wa Baraza hawakucheka. Wanasema umewadhihaki, na mimi makamu mwenyekiti umeniweka pabaya. Tukiwaachia matabibu leo, kesho kila mwenye koleo atajiita daktari. Lazima tulinde hadhi ya taaluma. Unaitwa kujieleza kikaoni tarehe 29. Tafadhali, Dada, ongea taratibu.

Mdogo wako

21 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo.

Hadhi! Hadhi yenu ingekuwa na mashavu ningeiona ilivyovimba. Nitakuja. Ujue tu kwamba siku nitakazokuwa huko kujieleza, hapa hakuna mtoto atakayeguswa. Kipusa atabaki kwa tabibu wangu mkubwa.

Dada yako

29 Aprili, ujumbe wa simu

Dada, shikamoo. Tabibu wako amepiga. Shavu la Kipusa limevimba, analia tu. Ni gego la utotoni. Mwambie aling'oe. Kwa huyu mmoja tu, na yasitoke nje. Mdogo wako

Marahaba. Nimeshamwambia, amekataa. Anasema benchi limejaa wenye mashavu kama hilo, na leseni yake mmeishika ninyi. Mimi nipo hapa nje ya ukumbi wenu nasubiri kuitwa. Si una kiti humo ndani? Ingia uibadilishe kanuni. Dada yako

Siwezi kuleta mambo ya nyumbani kikaoni, watanionaje? Nakuomba rudi ukamtibu. Nitaomba shauri lako liahirishwe. Mdogo wako

Napanda basi. Usidhani ni kwa ajili yako. Dada yako

2 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo. Asante kwa kumtibu mtoto, Mungu akubariki.

Shauri halikuahirishwa. Kwa kuwa hukuwepo, wajumbe walichukulia kwamba huna utetezi. Ukuta urudishwe, na matabibu wasiguse watoto kabisa hadi itakapoamuliwa vinginevyo. Nilipiga kura na wenzangu. Kumtetea dada yangu kungeonekana vibaya. Najua utanielewa.

Mdogo wako

6 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima na unalala vizuri. Watu wa aina yako hulala fofofo.

Nimekuelewa sana. Mimi nimeacha utetezi wangu mlangoni nikamkimbilia mwanao, na wewe ukaingia ndani ukanihukumu kwa kutokuwepo. Nimejaribu kukukasirikia, nikaona hata hasira ni heshima usiyostahili.

Ukuta umesimama, fundi anapiga plasta. Benchi limejaa mpaka nje.

Kipusa amepona. Siku zile za maumivu alikaa benchini na binti wa fundi cherehani, wote wamevimba shavu, wakashibana. Juzi aliniuliza kwa nini shangazi yake alitoka mjini mbio kumtibu yeye, na mwenzake hakujiwa na mtu. Nimemwambia swali hilo ni la baba yake. Amepanda basi leo pamoja na tabibu mkubwa, ambaye siku hizi ana nafasi tele. Kampokee stendi, na umjibu mwenyewe.

Shangazi wa Kipusa