Mafuta Yako ya Mwisho

…na ndiyo, Mama, nilijipaka yale mafuta yako siku ya harusi, kama nilivyokuahidi. Uso, shingo, mikono yote hadi kwenye viwiko. Nilitaka nikiingia kanisani tuwe tumeingia pamoja. Sasa acha nikuambie yaliyofuata, kwa maana yananichekesha na kuniliza, na hapa Timau asubuhi hii ukungu umefunika mashamba ya ngano mpaka naona kama wewe umeketi hapo nje tu, ila sikuoni.

Naishi ndani ya ndoto. Mugendi huamka kabla yangu aende kwenye trakta, lakini kwanza ananiwashia moto, ananiwekea maji, kisha anasimama karibu na mlango kunitazama akidhani nimelala. Huwa nimeamka. Nafumba macho ili asiache. Unakumbuka ulivyomtania alipokuja nyumbani Nchiru mara ya kwanza? Ulisema mtu wa Mbeere hataiweza baridi ya mlimani, eti atarudi kwao kutafuta jua aniachie blanketi. Hajarudi. Anavaa sweta mbili na ananipenda.

Baridi ya huku inapasua ngozi. Wanawake wa mashamba ya maua wanarudi jioni na vidole vilivyochanika, nami nikaanza kuwatengenezea mafuta yako: avokado zilizoiva zikalegea, kuponda, kuanika, kukanda mpaka mikono inateleza, kukamua kwa kile kitambaa cheupe ulichoniachia. Wakayapenda. Nikampelekea mwenye duka. Akayanusa, akayasifu, akanirudishia. Bwana afya alikuwa amepita madukani akiondoa kila krimu isiyo na lebo, baada ya wasichana wengine kuungua nyuso kwa vitu vya kung'arisha ngozi ambavyo hakuna aliyejua vimetengenezwa na nini. Niende kwanza ofisi ya afya Meru, akasema, yapimwe, yapewe tarehe ya kuharibika.

Tarehe ya kuharibika. Nilikasirika kwa niaba yako, Mama.

Basi nikabeba chupa mbili. Moja ya mafuta mapya. Nyingine yako, ile ya mwisho, uliyoifunga kwa mkono wako kabla hujalazwa, ambayo nimekuwa nikiiweka kabatini nimeizungushia leso. Nilitaka kumwonyesha huyo afisa kwamba mafuta ya mama yangu hayana tarehe. Mugendi alinisindikiza. Njiani akanishika mkono, akaniambia labda nionyeshe hayo mapya tu, yanatosha. Nikadhani anaogopa nisije nikaivunja.

Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, koti lake jeupe lina doa la chai mfukoni. Aliniuliza nimeweka nini ndani, nayahifadhi wapi, nani mwingine anashika vyombo. Yale mapya akajimiminia kidogo kiganjani, akaridhika, akayaweka kando yapelekwe maabara. Ndipo nikafungua leso. Akatoa kizibo, akanusa, akamtazama Mugendi badala yangu. Kisha akasema polepole, "Binti yangu, haya yameshachacha. Usijipake tena."

Nilimwambia hapana. Nilinusa. Mama, mimi nilisikia harufu yako tu. Jiko lako, kitambaa kikiwa na unyevu, shingo yako. Nikanusa tena, jinsi mtu anavyonusa maziwa asiyoyaamini, na chini ya harufu yako kulikuwa na kitu kikali, kama rangi ya ukutani. Nikalia hapo hapo ofisini. Yule mama hakunifukuza. Alisema kila kinachotoka kwenye tunda kina siku zake, na kwamba tarehe haiwekwi kumtukana aliyetengeneza. Inawekwa kwa ajili ya mtu ambaye hatamjua kamwe.

Tulipotoka nilimuuliza Mugendi kama alikuwa anajua. Akasugua sikio, akakubali. Tangu kanisani. Mchungaji alipotuambia tushikane mikono ndipo harufu ilimfikia, na mwanzoni akadhani ni viatu vyake vipya.

"Sasa ningekuambiaje, Kendi?" akasema. "Ulikuwa umemvaa mama yako."

Nilicheka mpaka watu wa boda boda wakageuka. Halafu nikalia tena, kifuani mwake, mchana kweupe, katikati ya mji.

Na ndipo nilipokukumbuka vizuri, si kama kitu cha kufungiwa kabatini. Kila asubuhi kabla ya kwenda kuwauzia wanafunzi wa chuo ulifungua chupa moja moja ukanusa. Ukikunja uso, hiyo haikutoka nyumbani. "Hii ni ya milango," ulikuwa ukisema, kisha ukapita na unyoya wa kuku ukipaka bawaba, hata ya choo, hata ya jirani. Nyumba yetu ndiyo iliyokuwa haina mlango unaolia, nami nilinufaika na hilo usiku fulani fulani kuliko unavyojua. Hukungoja ofisi yoyote ikufundishe. Mimi ndiye niliyesahau.

Majibu ya maabara yametoka, Mama. Yamekubaliwa. Lebo inasema Mafuta ya Karimi, jina lako kwa herufi kubwa, na chini yake tarehe. Ya kwanza niliibandika ikaenda upande. Zilizofuata zikanyooka.

Mlango wetu hapa ulikuwa unalia kila Mugendi akitoka alfajiri. Jumamosi nikatafuta unyoya, nikatoa chupa yako, nikapaka. Nilidhani nitaumia. Nilihisi kama nakukaribisha ndani. Jumatatu akausukuma mlango, ukanyamaza kabisa. Akauangalia, akaangalia kabati, akaelewa. Akasimama pale muda mrefu kuliko siku zote, nami nimefumba macho, nikiwa na furaha nisiyoweza kuiandika.

Kuna kidogo kimebaki chini ya chupa. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja Nchiru, mimi na mkwe wako. Nitakuletea chupa mpya uone jina lako. Hicho kidogo nitakipaka kwenye geti letu, kwa maana naambiwa linalia tangu uondoke. Pumzika, Mama. Ukisikia limenyamaza, ujue tumefika.

Kendi wako