Mlango Nimeurudishia Tu

Baba watoto,

Chai ~~jitengenezee mwenyewe~~ ipo kwenye chupa. Mfuniko sijaukaza, na wewe usiukaze. Unavyokaza vitu, utadhani vitatoroka.

Sketi ya yule mwalimu iko juu ya cherehani. Akija, mwambie kesho, mikono ikikubali.

Asubuhi nilikuomba unifunge vifungo vya blauzi, ukacheka: "Si jana tu umeshona mpaka jioni?" Ndiyo, nilishona. Baridi yabisi ndivyo ilivyo. Jana inakuachia, leo unaamka vidole vimevimba na kukakamaa. Daktari alitueleza kwamba ni mwili wenyewe unaoshambulia viungo vyake. Ulikuwepo, unaitikia kwa kichwa. Sijui ulikuwa unaitikia nini.

Nimeenda kliniki kupima damu. Nimevaa sweta lako, halina vifungo. Mwandiko usiucheke, kalamu nimeishika kwa ngumi.

Na ukikuta mlango haujafungwa, usiseme nimesahau. Ufunguo nimehangaika nao kwa mikono miwili, haukuzunguka. Ndipo nikarudi mezani kukuandikia haya.

Nyumba iko wazi. Wahi kurudi.

Mama watoto