Majani ya Kumvushia Kirukanjia

Kariakoo, Dar es Salaam

Shikamoo Mama yangu,

Nakuamkia nikiwa nimekaa juu ya kreti nyuma ya duka. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila joto la huku linanipika. Simu yako haipatikani tangu Jumatatu, ndiyo maana nimempa barua hii utingo wa basi, yuleyule aliyekuletea kifurushi.

Mama, ile sumu ya panya niliyokutumia kwenye kifurushi hicho uweke shambani, tafadhali usiifungue.

Juzi asubuhi nilisogeza magunia ya mbegu, akachomoka kirukanjia na kale kamdomo kake karefu. Nyuma yake watoto wanne, kila mmoja kamng'ata mwenzake mkiani, mstari mmoja kama watoto wa chekechea. Bosi wangu akapanda juu ya kiti, na mwili wote ule!

"We Mwanahawa, mwaga dawa! Panya hao watanimalizia mbegu!"

Nilikuwa nimeshachana pakiti. Mteja mmoja, mwalimu mstaafu wa baiolojia, akanizuia.

"Binti, huyo si panya. Mbegu hana habari nazo. Anakula mende na funza, tena mfululizo. Akikosa chakula saa chache tu, anakufa."

Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Uluguru, shamba limepakana na msitu. Akasikitika. "Huko kwenu kuna aina za virukanjia ambazo hazipo kwingine kokote duniani. Msitu ukikatwa na mashamba yakajaa sumu, ndiyo basi tena."

Mama, niliona aibu, nikamkumbuka marehemu baba. Sote tuliambiwa kirukanjia akivuka njia anakufa, na tukimkuta amekufa njiani tulipita pembeni. Baba peke yake ndiye aliyekata majani kila Ijumaa na kuyatandaza kukatiza njia, mnyama avuke bila kujua kuwa pana njia. Akatuamuru turuke, tusiyakanyage. Wewe ukimcheka: "Mume wangu anamtandikia panya zulia!" Kumbe majani yale yalikuwa na wadudu wa kumshibisha, tena yalimficha ili mwewe asimwone. Baba hakuyajua hayo. Alimwonea huruma tu.

Wale wa dukani niliwatia kwenye boksi la viatu, nikawaachia kwenye majani ya bonde la Msimbazi. Bosi amenuna hadi leo.

Sumu ifiche darini, nitaifuata mwenyewe. Kama umeshaiweka, mwambie mdogo wangu Sefu aiokote yote kwa koleo, na wala usijilaumu. Ni mimi niliyeituma, nikidhani nakusaidia.

Nisalimie shangazi anayekutekea maji. Na huyo Sefu, fundi cherehani wetu, mwambie aache mashine kidogo Ijumaa hii akate majani, ayatandaze palepale kwenye njia ile, ambayo sasa ndiyo ya kwenda kaburini kwa baba.

Nikija Idi, nitayaruka.

Binti yako akupendaye sana,
Mwanahawa