Mgeni Aitwaye Pleilisti

Diani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute salama, na lile goti liwe limepunguza maumivu. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, ila moyo ni mzito. Bi Saumu, yule mwimbaji wa Msambweni aliyenifanya mwanawe nilipofika huku peke yangu, amefariki.

Ilianza hivi. Meneja wa hoteli alituita sisi wa bendi akasema, "Kuanzia Jumatatu tutatumia pleilisti."

Bi Saumu akauliza kwa adabu, "Huyo Pleilisti ni mwimbaji wa wapi, bwana? Tupate kumpokea."

Vijana wa mapokezi walicheka mpaka wakashikana. Nikamnong'oneza kwamba si mtu, ni orodha ya nyimbo. Simu huzipiga moja baada ya nyingine, haichoki wala haiombi chai.

"Orodha hata mimi ninayo kichwani," akaniambia. "Lakini nikiona mgeni analia, huubadilisha wimbo. Hiyo simu itamwona nani?"

Kabla hajaondoka, walimrekodi wimbo mmoja, wa kubembeleza mtoto, aliotunga mwenyewe. Mimi nikabakizwa kuhudumu mezani. Yeye alirudi Msambweni, presha ikampanda, akapooza, hakuimba tena. Tulimzika baada ya sala ya alasiri.

Binti yake, Rehema, husafisha vyumba kwenye hoteli ile ile. Asubuhi aliyorudi kazini alikuwa akipita kando ya mkahawa na shuka mikononi, sauti ya mamake ikatoka kwenye spika. Akajiziba uso kwa zile shuka, akaketi sakafuni.

Nikamkimbilia msimamizi. "Tafadhali, uondoe huo wimbo."

"Iko kwa pleilisti, bro. Wacha iishe."

Mama, niliung'oa waya. Wageni waliendelea kula. Hakuna aliyeinua macho kuuliza mbona kimya. Jioni nikaachishwa kazi.

Rehema yuko pale bado, ana watoto wa kulisha. Ananiambia wimbo ule huja kila asubuhi, naye huingia bafu la wageni akafungulia maji mpaka uishe.

Nisalimie kaka Athmani, na shangazi aliyenifunza ngoma. Mwambieni imamu amsomee Bi Saumu Yasini.

Ni mimi mwanao anayekukumbuka,
Kassim